Kasi ya Wastani: Kwa Nini 80 na 40 Hazifanyi 60

Kasi ya wastani ya safari ni umbali wote uliosafiriwa, ukigawanywa kwa muda wote uliotumika. Gari lililokwenda kilomita 240 kwa saa 4 lina kasi ya wastani ya kilomita 60 kwa saa, hata kama mshale wa spidi haukutulia kwenye 60 kwa dakika moja. Huenda lilikimbia 90 penye lami tambarare, likatambaa 15 kwenye foleni, kisha likasimama kabisa kusubiri treni ipite. Yote hayo yameingia ndani ya namba moja.

Kanuni hiyo ni fupi, na hakuna anayeshindwa kuikariri. Matatizo huanza pale safari inapogawanyika vipande, kila kipande na kasi yake. Wengi huchukua kasi hizo, huzijumlisha, kisha hugawanya kwa idadi ya vipande. Hesabu hiyo inaonekana ya haki, lakini kwa kawaida hutoa jibu la uongo, na mara nyingi jibu hilo huifanya safari ionekane ya haraka kuliko ilivyokuwa.

Kwenda na kurudi

Kati ya Arusha na Moshi kuna takriban kilomita 80. Lori linatoka Arusha likiwa tupu na kwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Linapakia mzigo Moshi na kurudi kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Je, kasi ya wastani ya safari nzima ni ngapi?

Anayejibu haraka husema 60, kwa kuwa 60 iko katikati ya 80 na 40. Kanuni inasema vingine. Kwenda kulichukua saa 1, kurudi kukachukua saa 2. Umbali wote ni kilomita 160 na muda wote ni saa 3. Ukigawanya 160 kwa 3 unapata kilomita 53.3 kwa saa, pungufu ya 60 kwa karibu 7.

Sababu ya pengo hilo iko kwenye saa. Lori lilikuwa kwenye mwendo wa 80 kwa saa moja tu, lakini lilikuwa kwenye mwendo wa 40 kwa saa mbili. Anayejumlisha 80 na 40 na kugawanya kwa 2 amezipa kasi hizo uzito sawa, ilhali moja ilidumu maradufu ya nyingine. Kipande cha polepole hukaa barabarani muda mrefu zaidi, na kwa sababu hiyo huuvuta wastani upande wake.

Lau lori lingeendeshwa saa 1 kwa kasi ya 80 na saa 1 nyingine kwa kasi ya 40, mambo yangekuwa tofauti. Lingesafiri kilomita 80, halafu kilomita 40, jumla 120 kwa saa 2, na wastani ungekuwa 60 kamili. Basi kujumlisha kasi na kugawanya kwa idadi yake ni njia halali pale ambapo kila kipande kimechukua muda ule ule. Vipande vikiwa sawa kwa umbali lakini si kwa muda, njia hiyo haifai.

Kwa safari yenye vipande viwili vya umbali sawa ipo njia ya mkato: zidisha kasi ya kwanza kwa ya pili, zidisha tena kwa 2, kisha gawanya kwa jumla ya kasi hizo mbili. Kwa lori la Moshi, 80 mara 40 ni 3,200. Mara 2 ni 6,400. Ukigawanya kwa 120 unapata 53.3 ile ile. Wanahisabati huuita wastani wa aina hii wastani wa hamoniki. Kwenye hesabu hiyo hakuna umbali wowote, kwa hiyo jibu ni lile lile iwe safari ni ya kilomita 8 au 800, mradi kwenda na kurudi ni sawa.

Muda ukishakwisha

Hesabu ya lori hilo ina swali la pili. Tuseme limekwenda Moshi kwa kasi ya 40, na dereva anataka safari nzima, kwenda na kurudi, iwe na wastani wa 80. Arudi kwa kasi gani?

Jibu linalokuja mdomoni ni 120, kwa kuwa 40 na 120 zina 80 katikati. Lakini kilomita 160 kwa wastani wa 80 zinahitaji saa 2 tu, na saa 2 zote zimekwisha kutumika kufika Moshi. Kurudi kungepaswa kuchukua muda sifuri. Hata ndege ya kivita isingeweza kulipa deni hilo. Akirudi kwa 120, wastani wake utakuwa 60. Akiongeza mwendo hadi 400, utapanda mpaka 72.7. Utakaribia 80 bila kuifikia kamwe.

Fumbo la namna hii liliwahi kumfikia Albert Einstein. Mwanasaikolojia Max Wertheimer, aliyechunguza jinsi akili ya binadamu inavyotatua matatizo, alimwandikia mwaka 1934 kuhusu gari kuukuu linalopanda kilima cha maili moja na kushuka maili moja upande wa pili. Gari linapanda kwa maili 15 kwa saa. Lishuke kwa kasi gani ili wastani uwe maili 30 kwa saa? Maili 2 kwa kasi ya 30 zinahitaji dakika 4, na kupanda peke yake kunamaliza dakika hizo 4. Einstein alikiri katika majibu yake kwamba hakugundua mtego huo mpaka alipopiga hesabu.

Kusoma saa kabla ya kugawanya

Makosa mengine huingia kabla hata ya kugawanya, kwenye kuhesabu muda. La kwanza ni kuandika saa 1 na dakika 20 kama 1.20. Saa ina dakika 60, si 100, kwa hiyo dakika 20 ni theluthi moja ya saa, na muda huo ni saa 1.33. Aliyesafiri kilomita 80 kwa muda huo alikwenda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, lakini akigawanya kwa 1.20 atapata karibu 67.

Njia salama ni kugeuza kila kitu kuwa dakika, kujumlisha, kisha kugawanya kwa 60 mwishoni. Kwa mbio fupi hutumika mita na sekunde. Mita moja kwa sekunde ni sawa na kilomita 3.6 kwa saa, hivyo mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa.

Saa ya Kiswahili ina faida yake hapa. Kwa kuwa hesabu ya mchana huanzia saa 12 asubuhi, basi linaloondoka wakati huo hubeba jibu kwenye saa ya kufika: likifika saa 9 alasiri, limetumia saa 9. Likiondoka saa 1 na nusu asubuhi, hutolewa saa moja na nusu. Anayetumia saa ya simu ya mfumo wa saa 24 hutoa 6:00 kwenye 15:00, na anapata saa 9 hizo hizo.

Basi la Iringa

Safari ndefu huonyesha vizuri jinsi vipande vinavyogombania wastani. Basi linatoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, saa 12 asubuhi, kuelekea Iringa. Namba zinazofuata ni za makadirio, na zimezungushwa ili hesabu iwe nyepesi.

Kutoka Mbezi hadi Morogoro kupitia Chalinze, kilomita 170, basi linatumia saa 3, kwa kuwa barabara ina malori mengi na miji ambamo kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Kwenye stendi ya Msamvu mjini humo linasimama dakika 20. Kutoka Morogoro hadi mji wa Mikumi, kilomita 120, linatumia saa 2, na sehemu ya njia inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama wanaovuka barabara. Kutoka Mikumi kuelekea Ruaha Mbuyuni na mbele yake hadi chini ya mlima, kilomita 75, linatumia saa 1. Njiani abiria wanashuka kula kwa dakika 40. Kisha linapanda mlima Kitonga, kilomita 10 za kona kali nyuma ya malori yaliyo kwenye gia ndogo, kwa dakika 30. Kilomita 95 zilizobaki hadi Iringa zinachukua saa 1 na dakika 30.

Kasi za vipande hivyo, kwa mpangilio, ni 56.7, 60, 75, 20 na 63.3. Anayezijumlisha na kugawanya kwa 5 anapata 55. Ukweli ni kwamba magurudumu yalizunguka kwa saa 8 na kufunika kilomita 470, na 470 gawanya kwa 8 ni 58.75. Safari hii kosa limeegemea upande wa pili: wastani wa uongo ni mdogo kuliko wa kweli. Kitonga, kipande cha nusu saa, kimepewa uzito sawa na kipande cha Morogoro cha saa 3, na 20 yake imeangusha hesabu. Kumbe kujumlisha kasi hakukosei upande mmoja siku zote. Kila kipande lazima kihesabiwe kwa muda wake.

Njia ya uzani hulifanya hilo bila kupotea. Zidisha kila kasi kwa saa zake: 56.7 kwa 3, 60 kwa 2, 75 kwa 1, 20 kwa nusu, 63.3 kwa moja na nusu. Jumlisha, kisha gawanya kwa saa 8. Jibu ni 58.75 ile ile, kwa sababu kila kasi ikizidishwa kwa muda wake inarudi kuwa umbali. Ndiyo maana kanuni ya kwanza, umbali wote kwa muda wote, inatosha: uzani wote umo ndani yake.

Abiria, hata hivyo, hakutumia saa 8. Aliondoka saa 12 asubuhi na akafika saa 9 alasiri. Dakika 60 za Msamvu na chakula ni sehemu ya siku yake, na kwa upande wake wastani ni 470 gawanya kwa 9, yaani kilomita 52.2 kwa saa. Kwa hiyo kuna kasi mbili za wastani katika safari moja: ya gari likiwa kwenye mwendo, na ya mlango kwa mlango. Fundi anayepima matumizi ya injini hutazama ya kwanza, na msafiri mwenye miadi hutazama ya pili. Anayetaja wastani bila kusema ni upi hajajibu swali.

Dakika huokolewa wapi

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha ni wapi haraka inalipa. Kwenye kilomita 75 za barabara nyepesi, dereva akipandisha kasi kutoka 75 hadi 80, ambacho ndicho kikomo cha mabasi nchini Tanzania, anaokoa dakika 3 na robo tatu. Mlima Kitonga ukipandwa kwa 25 badala ya 20, dakika 30 zinakuwa 24, na dakika 6 zimeokolewa kwenye kilomita 10 tu. Chakula kikiliwa kwa nusu saa badala ya dakika 40, zinaokolewa 10 bila gari kuongeza mwendo hata kidogo.

Sababu inaonekana kasi ikigeuzwa kichwa chini, yaani muda kwa kila kilomita badala ya kilomita kwa kila saa. Kwenye 20, kilomita moja huchukua dakika 3. Kwenye 30, dakika 2. Kwenye 80, sekunde 45. Kwenye 90, sekunde 40. Kwenye 100, sekunde 36, na kwenye 120, sekunde 30. Nyongeza ya 10 kutoka 20 hadi 30 inaokoa dakika nzima kwa kila kilomita, lakini nyongeza ya 10 kutoka 80 hadi 90 inaokoa sekunde 5. Kadiri gari linavyokimbia, ndivyo kila nyongeza ya spidi inavyonunua muda mdogo zaidi.

Gharama yake haipungui kwa namna hiyo. Nishati ya gari lililo kwenye mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kutoka 100 hadi 120, kasi imeongezeka kwa asilimia 20, ilhali nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza, au ambayo ajali inaiachia, imeongezeka kwa asilimia 44. Muda uliookolewa kwa kilomita 100 ni dakika 10.

Wakimbiaji na muda kwa kilomita

Wakimbiaji wa mbio ndefu huhesabu kwa muda wa kilomita tangu zamani, nao wana sababu. Kwenye mbio, vipande hugawanywa kwa umbali: kila kilomita 1, kila kilomita 5, nusu mbio. Kasi za vipande vyenye umbali sawa haziwezi kujumlishwa na kugawanywa, lakini muda kwa kilomita unaweza, kwa kuwa chini ya kila sehemu kuna umbali ule ule.

Tarehe 8 Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago kwa saa 2, sekunde 35. Nusu ya kwanza ya mbio aliikimbia kwa dakika 60 na sekunde 48, ya pili kwa dakika 59 na sekunde 47. Kila nusu ni kilomita 21.0975. Kwa kilomita moja, nusu ya kwanza ilimchukua wastani wa sekunde 172.9, na ya pili sekunde 170.0. Wastani wa namba hizo mbili ni karibu sekunde 171.5, yaani dakika 2 na sekunde 51.5, nao ndio wastani halisi wa mbio nzima. Kwa lugha ya madereva, hiyo ni karibu kilomita 21 kwa saa kwa kilomita 42.195.

Nusu zake mbili zilikaribiana mno, kwa hiyo hata kujumlisha kasi kungetoa jibu karibu na lile lile. Hilo ni jambo la jumla: kosa la wastani wa uongo huwa dogo kasi zinapofanana, na hukua zinapotofautiana.

Mkondo wa maji hausawazishi

Watu wengi hudhani kwamba mkondo wa mto au upepo hauathiri safari ya kwenda na kurudi, kwa kuwa kinachopotea upande mmoja kinarudishwa upande wa pili. Boti linaloweza kwenda kilomita 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia huteremka mto wenye mkondo wa kilomita 2 kwa saa kwa kasi ya 12, na hupanda kwa kasi ya 8. Kwa kilomita 24, kuteremka ni saa 2 na kupanda ni saa 3. Kilomita 48 kwa saa 5 ni wastani wa 9.6, si 10.

Mkondo ukiwa mkali zaidi, kilomita 6 kwa saa, kuteremka kunakuwa saa 1 na nusu kwa kasi ya 16, na kupanda kunakuwa saa 6 kwa kasi ya 4. Wastani unashuka hadi 6.4. Mkondo unalisaidia boti kwa muda mfupi na kulikwamisha kwa muda mrefu. Ndivyo ilivyo kwa vyombo vinavyopanda Mto Kongo kuelekea Kisangani na kuteremka tena, na kwa ndege inayokwenda na upepo na kurudi dhidi yake.

Reli moja, treni mbili

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, ina urefu wa kilomita 470 hivi, na treni zake za abiria zimepangiwa kasi ya juu ya kilomita 120 kwa saa. Treni ya moja kwa moja hutumia takriban saa 5, sawa na wastani wa 94. Treni inayohudumia stesheni za kati, kama Voi, Mtito Andei na Emali, hutumia karibu saa 6, na wastani wake unashuka hadi 78 hivi. Njia ni ile ile, na kasi ya juu ni ile ile.

Kila kituo hugharimu zaidi ya dakika ambazo treni imesimama. Kuna muda wa kupunguza mwendo kabla ya kufika na muda wa kuurudisha baada ya kuondoka, na katika muda huo wote treni iko chini ya 120. Ndiyo maana kasi ya juu ya treni haimwambii abiria atafika lini.

Wastani kama shahidi

Kasi ya wastani hutumika pia kuwanasa wanaokimbiza magari. Uingereza imekuwa ikitumia kamera za namna hii tangu 1999. Kamera mbili huwekwa mbali kwa mbali na kusoma namba ya gari linapopita kila moja. Umbali unajulikana, na muda unapatikana kwa kutoa. Sehemu yenye kikomo cha 80 na urefu wa kilomita 20 haiwezi kukatwa kihalali chini ya dakika 15. Aliyeikata kwa dakika 12 alikuwa na wastani wa 100. Hesabu inathibitisha pia kwamba kwa wakati fulani mshale wake uligusa 100 au kuipita, kwa kuwa gari ambalo halikuwahi kufikia 100 haliwezi kuwa na wastani wa 100. Kupunguza mwendo mbele ya kamera na kuongeza baada yake hakumsaidii.

Kinyume chake si kweli. Dereva anaweza kukimbia kwa 120, akasimama dakika kadhaa kunywa chai, na wastani wake ukasomeka 70. Namba hiyo ni sahihi kwa safari yake, lakini haionyeshi hatari aliyoisababisha. Kwa sababu hiyo mfumo wa kufuatilia mabasi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ya Tanzania (LATRA) hurekodi kasi ya basi likiwa njiani, badala ya kungoja tu saa ya kuondoka na ya kufika.

Mwalimu wa fizikia huongeza tofauti moja ya mwisho. Kasi huhesabiwa kwa umbali wa njia iliyopitwa. Kasimwelekeo huhesabiwa kwa umbali ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na upande wake. Lori lililotoka Arusha hadi Moshi na kurudi lina kasi ya wastani ya kilomita 53.3 kwa saa, lakini kasimwelekeo yake ya wastani ni sifuri, kwa kuwa baada ya saa 3 liko pale pale lilipoanzia.